Programu ya bakapu iliandika "Imefaulu" kila usiku, leja ikarudi inaishia Machi. Tatizo liko wapi?

#1 Debit_Kredit
Wakuu habari. Mimi niko upande wa fedha, si mtu wa IT, kwa hiyo mnivumilie nikichanganya majina ya vitu.

Kampuni yetu ni ya jumla, vifaa vya ujenzi: nondo, saruji, mabati. Makao makuu Dar, matawi Mwanza na Mbeya. Mfumo wa uhasibu unakaa kwenye seva moja hapa Dar, matawi yanaingia kwa mtandao. Bosi alikubali zamani kidogo tununue programu ya bakapu (nakala za akiba), ile ya makampuni makubwa, leseni inalipiwa kila mwaka kwa dola. Kila asubuhi inaingia barua pepe kwangu, kwa kijana wa IT na kwa bosi mwenyewe: kibao cha kijani, neno "Imefaulu", ukubwa, muda uliotumika. Hata Idi mosi ilikuja.

Majuzi umeme ukakatika ukarudi, ukakatika ukarudi, seva ikazima. Ilipowashwa diski mbili zilikuwa zimekufa kwa mpigo. Hatukuwa na presha, si bakapu ipo? Tukakodi seva, wakala wa hiyo programu akaja kurejesha. Windows ikaamka, mfumo ukafunguka, watu wakapiga makofi. Nikaingia kwenye leja: muamala wa mwisho ni wa tarehe 14 Machi. Tuko Agosti.

IT anasema programu mbovu. Wakala anasema IT hakuipanga vizuri. Bosi anasema mtanieleza nyote. Swali langu: inawezekanaje programu iseme imefaulu miezi mitano mfululizo halafu data isiwepo? Jina la programu na la wakala siweki, mambo bado yako mezani.

#2 Kiti_cha_Mbele
Nimewahi siti. Endeleeni.

#3 Fundi Waya
Pole mkuu. "Imefaulu" maana yake imenakili ulichoiambia inakili. Haijui leja ni nini. Swali la kwanza: katikati ya Machi kilibadilika nini kwenye hiyo seva? Diski ilijaa? Mtu aliongeza boksi la kuhifadhia?

#4 Ngosha wa Nera
Mimi siyo wa kompyuta ila nimefanya kazi stoo. Miezi mitano ya leja kuyeyuka na kila mtu anamsonta mwenzake? Hesabuni nondo kwanza, bakapu baadaye. 😂

#5 Mzee wa Tepu
Vijana mnakimbilia mbali. Nimelea bakapu tangu enzi za tepu, na hili nimeliona. Programu hizi nyingi zinachukua nakala nzima mara moja, kisha kila usiku zinachukua mabadiliko tu. Kurejesha usiku wa jana kunahitaji nakala nzima pamoja na vipande vyote vinavyofuata, bila hata kimoja kukosekana. Kipande cha Machi 15 kikioza, vyote vya baada yake ni takataka. Wakala amehangaika, ameona kinachofunguka ni cha Machi 14, amekuletea hicho na hajakwambia.

Muulize swali moja tu: ulichagua nukta (nakala ya siku fulani) ya tarehe ngapi? Na bakapu zenyewe zilikuwa zinaandikwa wapi? Usiniambie ni hadidiski ya USB.

#6 Debit_Kredit
Fundi Waya, IT anasema hakubadilisha kitu.
Mzee wa Tepu, shikamoo. Ni hadidiski ya USB. Imekaa juu ya seva.

#7 Mzee wa Tepu
Marahaba. Nimemaliza.

#8 MtotoWaMsimbazi
Juu ya seva 😂😂😂 yaani mwizi anachukua vyote kwa safari moja.

#9 Binti Mkunazini
Nyinyi mnacheka, lakini hilo mbona la kawaida? Mie nafanya kwenye hoteli huku Unguja, mwenye hoteli alinunua programu ya gharama, kisha diski ya kuwekea bakapu akaambiwa bei akasema "hiyo ya laki inatosha." Programu ilikuwa na uwezo wa kuzifunga nakala zisifutwe wala zisibadilishwe hata na admini, kwa siku utakazo. Haikuwashwa, maana inataka seva yake ya Linux pembeni. Ilipoingia ransomwea (virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia) ikaanza na bakapu, ndipo ikaja kwenye mafaili. Hawa watu siku hizi hawaanzi na data yako, wanaanza na mahala utakapokimbilia.

#10 Fundi Waya
Hapo umenena. Ndiyo maana seva ya bakapu haitakiwi iungwe kwenye domeni moja (mfumo mmoja wa majina na nywila) na seva nyingine. Akipata nywila ya admini wa domeni amepata na bakapu. Na programu yenyewe isasishwe: Septemba 2024 Veeam, watengenezaji wa programu ya bakapu, walitoa kiraka cha tundu CVE-2024-40711, wiki chache baadaye magenge ya ransomwea ya Akira na Fog yakawa yanapita humohumo kwa wasiosasisha. Programu nzuri, tundu likazibwa, watu wakaacha kubofya "sasisha".

Lakini turudi kwa Debit_Kredit. Yeye hakupigwa virusi. Boss, zile barua pepe za kila asubuhi bado unazo? Zinaandika ukubwa. Tupe za Februari na za Aprili.

#11 Debit_Kredit
Ninazo zote, sijawahi kufuta barua pepe. Februari ni kati ya GB 11 na 14 kila usiku. Kuanzia katikati ya Machi ni GB 2 na kitu. Sikuwahi kuliangalia hilo, tunaangalia rangi tu.

#12 Fundi Waya
Basi kesi imekwisha. Hifadhidata, yaani mafaili yanayobeba leja, ilihama. Kampuni inayouza saruji mikoa mitatu haiwezi kuamka siku moja mabadiliko yake ya usiku yamepungua mara tano au sita.

Kuna namna mbili ninazozifahamu. Ya kwanza: kwenye VMware, programu ya kuendesha VM (kompyuta za kuigiza ndani ya seva moja), unaweza kuiongezea VM diski ya aina ya "independent". Diski hiyo haiingii kwenye snepshoti (picha ya diski ya wakati mmoja), na programu ya bakapu inayotegemea snepshoti inairuka. Kwenye logi (kumbukumbu za programu) inaandika mstari mmoja wa onyo, kwenye barua pepe inaweza ikabaki kijani. Ya pili: mtu ameweka NAS (kiboksi cha diski za mtandaoni), akaiunganisha kwa iSCSI (njia ya kuunga diski kupitia mtandao) ndani ya Windows yenyewe. Kwa mtumiaji ni diski E kama diski nyingine. Kwa programu ya bakapu iliyo nje ya VM, kitu hicho hakipo kabisa.

Na ile hifadhidata ya zamani iliachwa kwenye diski D, haikufutwa. Ndiyo mliyorejeshewa. Wakala kaona mfumo unalia hauoni E, akauelekeza D, ukafunguka. Makofi.

#13 Mzee wa Tepu
Kijana, usifunge kesi kwa namba moja. Ukubwa unashuka kwa sababu nyingine pia: wamewasha ubanaji wa data, wamehamisha mafaili ya picha na video, wamebadilisha kazi kutoka mara moja kwa usiku kwenda mara kadhaa kwa siku na barua pepe inaonyesha ya mwisho tu. Na seva iliyokuwa ikizimwa na umeme wa kuyumba, iliyounganishwa USB, mimi siwezi kuiamini hata kwa kiapo. Je, programu ilikuwa inafanya uhakiki wa nakala zenyewe kila mwezi? Hicho kitufe kipo na wengi hukizima kwa sababu "kinachelewesha".

#14 Wa Gikomba
Salamu kutoka Nairobi. Nyinyi wote mnaamini hiyo seva ilirejeshwa kutoka kwa bakapu. Nani aliona? Mimi nimewahi kuona hii: programu ya bakapu inaunda snepshoti usiku, inamaliza kazi, inashindwa kuifuta. VM inaendelea kuandika kwa faili dogo la pembeni miezi na miezi, ile diski kubwa imesimama tarehe hiyo hiyo. Sasa seva ikianguka, fundi anaokoa diski kubwa kutoka kwa RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja), faili la pembeni limeharibika, anaiwasha hivyo. Mashine inaamka ikidhani ni Machi. Safi kabisa, bila kosa hata moja kwa skrini.

Muulizeni huyo wakala kama aligusa zile diski za zamani kabla ya kufungua bakapu. Hao watu huona aibu kusema bakapu yao ilikataa.

#15 Dokta Kebo
Hii ya Wa Gikomba ina mantiki, lakini haielezi GB 2. Bakapu inasoma diski na snepshoti kwa pamoja, ukubwa usingeshuka.

#16 Wa Gikomba
Inaeleza nusu ya kwanza bana. Hiyo nusu ingine muulize Fundi Waya, amefunga kesi.

#17 Kinyozi Msomi
Wakati mnabishana, niwakumbushe kwamba hata wenye akili zao yamewakuta. GitLab, tovuti ya kutunza msimbo wa programu, Januari 2017, mhandisi amechoka usiku akafuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Karibu GB 300 zikabaki GB 4 na nusu. Wakaenda kwenye bakapu: njia tano walizokuwa nazo, hakuna iliyokuwa inafanya kazi. Wakapoteza kila kitu.

#18 Dokta Kebo
Kinyozi, hapo mwisho umekata shingo. Hawakupoteza kila kitu. Mhandisi huyohuyo alikuwa amechukua snepshoti ya LVM (mfumo wa diski wa Linux) kama masaa 6 kabla kwa kazi nyingine kabisa, wakarudi nayo. Kilichopotea ni cha masaa hayo 6: miradi kama 5,000, maoni kama 5,000, watumiaji wapya kama 700. Msimbo wenyewe haukuguswa.

Kinachomhusu Debit_Kredit ni hiki: pg_dump yao, programu ya kunakili hifadhidata, ilikuwa ya toleo 9.2, hifadhidata ni 9.6, kwa hiyo kila usiku ilikuwa inagoma. Na barua pepe za kusema "nimegoma" zilikuwa zinatumwa, ila zinakataliwa njiani kwa sababu hazikutimiza masharti ya DMARC, ukaguzi wa kuzuia barua pepe bandia. Wao walikosa barua pepe nyekundu, yeye alipata za kijani. Matokeo yaleyale.

#19 Ngosha wa Nera
Na ile kampuni ya meli iliyookolewa na Nigeria? Kuna mtu alinisimulia.

#20 Binti Mkunazini
Ghana, kaka. Maersk, Juni 2017, virusi vya NotPetya. Seva zao za kutambua watumiaji, kama 150 dunia nzima, zilikuwa zinanakiliana zenyewe kwa zenyewe, wakaona hiyo inatosha kuwa bakapu. Zikafutika zote kwa pamoja isipokuwa moja ya Ghana, ilinusurika maana umeme ulikatika kabla virusi havijafika. Nigeria inaingia hivi: intaneti ya ofisi ya Ghana ilikuwa ndogo, kutuma mamia ya GB kungechukua siku kadhaa. Wakasema mtu apande ndege na hadidiski aende Uingereza. Wa Ghana hakuna mwenye viza. Ikabidi mmoja aruke hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake hadidiski uwanja wa ndege, huyo ndo akafika London. Hasara walikadiria dola milioni 250 hadi 300.

#21 MtotoWaMsimbazi
Kwa hiyo kukatika umeme kumeokoa kampuni ya Denmark na kumeua kampuni ya saruji Dar. Mungu ana utani.

#22 Shangazi wa Sinza
Mimi ni mhasibu mwenzako dada au kaka Debit. Acha hawa wapigane na diski, wewe anza kujenga upya. Mauzo utayapata kwenye ripoti Z za mashine ya EFD, kila siku ina yake, na stakabadhi zilienda TRA. Benki watakupa stetimenti. Wasambazaji wana invoisi zao. Shida iko moja: ripoti Z inakupa jumla ya siku na VAT, haisemi nani kachukua nondo kwa mkopo. Wadaiwa wako ndio watakaokuliza. Tafuta vitabu vya kupeleka mzigo, zile nakala za pinki wanazosaini madereva na wateja. Kama stoo wamezitunza, umepona. Na kumbuka kumbukumbu za kodi zinatakiwa zitunzwe miaka 5, hutajitetea kwamba diski ilikufa.

#23 Debit_Kredit
Shangazi ubarikiwe, hii ndiyo post ya kwanza niliyoielewa yote. Nakala za pinki Mbeya wanazo kwenye maboksi. Mwanza wanasema panya.

#24 Ngosha wa Nera
Panya wa Mwanza wanakula madeni 😂 nilisema mimi kwenye #4.

#25 Kijana wa Klaudi
Yote haya ni kwa sababu ya kung'ang'ania seva ya ofisini. Bakapu ipelekwe klaudi, yaani seva za kukodi mtandaoni, basi. Unalala.

#26 Fundi Waya
Umelala wewe. Piga hesabu: TB 2 kwa laini ya Mbps 20 ambayo haiyumbi hata sekunde ni siku 9 na zaidi. Hiyo ni siku ya kurejesha, bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, ungerejesha na nini? Klaudi iwepo kama nakala ya tatu. Ya kwanza ya kukimbilia iwe hapahapa, ila si juu ya seva.

#27 Shangazi wa Sinza
Na kama mna taarifa za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi. Inafanya kazi tangu Mei 2023. Msije mkatoka kwenye diski mkaingia kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

#28 Dokta Kebo
Mimi bado nina wasiwasi na programu yenyewe, msiitoe hatiani haraka. Chuo Kikuu cha Kyoto, Desemba 2021, mfumo wa bakapu wa kompyuta yao kubwa ndio uliofuta data: TB 77, mafaili milioni 34 hivi, vikundi 14 vya watafiti. Skripti ya kufuta logi za zamani ilisasishwa ikiwa inakimbia, ikapoteza njia yake, ikaanza kufuta mafaili ya watu. Muuzaji, HPE, alikiri kosa ni lake. Kwa hiyo "IT hakuipanga vizuri" siyo jibu la kila kitu.

Halafu, hifadhidata ni SQL Server, ile ya Microsoft? Kama ndiyo, kulikuwa na bakapu ya SQL yenyewe pembeni? Na kama waliikagua kwa amri ya RESTORE VERIFYONLY wakaona inatosha, hiyo inaangalia kama faili limekamilika na linasomeka. Haikwambii kama data ndani ni nzima. Unatakiwa uirejeshe mahali pengine, upige DBCC CHECKDB (amri ya kukagua uzima wa hifadhidata), kisha mhasibu afungue leja aone tarehe ya jana. Mhasibu, siyo IT.

#29 Mpare Halisi
Nimesoma uzi wote. Kwetu tunakagua mitungi ya zimamoto kwa kuangalia stika ya gari. Stika ipo, tunaendelea na safari. Sasa swali la Mpare: hivi hakuna ya bure?

#30 Dokta Kebo
Ipo. Veeam wana toleo la bure mwisho mashine 10, na kama umekimbia bei za VMware baada ya Broadcom kuinunua, Proxmox, mbadala wa VMware, wana seva yao ya bakapu, bure ukitaka. Bacula, programu nyingine ya bakapu, ipo tangu enzi na enzi. Ila ya bure na ya dola elfu kumi zote zitakuandikia "Imefaulu" ukiziacha hivyohivyo.

#31 Debit_Kredit
Mrejesho. Wakala amejibu kwa barua: nukta aliyorejesha ni ya usiku wa kuamkia umeme kukatika, siyo ya Machi. Amebandika na picha ya skrini. Anasema diski za zamani hakuzigusa. Kwa hiyo Mzee wa Tepu na Wa Gikomba samahani.

IT naye kakumbuka jambo. Machi kulikuwa na kiboksi kilinunuliwa, NAS, kwa ajili ya kamera za CCTV za ghala. Anasema kiliunganishwa na seva "kwa muda" kwa sababu diski ilijaa, ila aliyekiunganisha ni kijana wa mafunzo ambaye keshaondoka.

#32 Fundi Waya
SIMAMA HAPO HAPO. Kama hifadhidata ilihamia kwenye hiyo NAS, haijafa! Diski zilizokufa ni za seva. Kiboksi kiko wapi? Msikiwashe, msikiguse, asiingie mtu wa kamera.

#33 Mzee wa Tepu
Picha ya skrini inaonyesha jina la nukta, haionyeshi kilichomo ndani. Sijakubali bado. Lakini kwa hili la kiboksi namuunga mkono kijana. Kitoe diski moja moja, andika namba ya tundu kwenye kila diski kwa kalamu, nakili kila moja bila kubadilisha kitu, ndipo ufungue.

#34 Debit_Kredit
Kiboksi bosi aliagiza kipelekwe tawi la Mwanza Jumatano, si tunaonekana hatukitumii. Kimepanda basi.

#35 MtotoWaMsimbazi
Uzi huu ufanyiwe tamthilia.

#36 Wa Gikomba
Kwa buti ama kwa kiti? Barabara ya saa kumi na kitu na diski zinazozunguka, ai.

#37 Dokta Kebo
Ikiwa imezimwa, safari siyo shida kubwa, vichwa vya diski vimeegeshwa. Shida ni fundi kamera. Wale kazi ya kwanza wanafomati, halafu wanaanza kurekodi mfululizo. Masaa machache ya kamera nane yatapita juu ya leja yako. Piga simu Mwanza sasa hivi.

#38 Debit_Kredit
Meneja wa Mwanza hapokei. Nimempigia mlinzi, anasema kiboksi kipo, taa zinawaka, ila hajui kama zinawaka za nini.

#39 Fundi Waya
Achomoe waya wa umeme.

#40 Mzee wa Tepu
Asichomoe! Kama inaandika katikati utaharibu zaidi. Abonyeze kitufe cha mbele ashikilie mpaka ilie, iache ijizime.

#41 Fundi Waya
Mzee, kila sekunde inarekodi juu yake! Achomoe!

#42 Ngosha wa Nera
Mimi niko Mwanza hapa, Nera hadi kwenye ghala ni bodaboda tu. Nitumie jina la mlinzi inbox. Na wakati naenda, mfuko wa saruji mnauzaje?

#43 Debit_Kredit
Nimekutumia. Bei muulize mlinzi, mimi mfumo haufunguki.